Upungufu wa homoni za tezi dundumio

Tezi dundumio, iliyo mbele ya koo, hutengeneza homoni zinazoamua kasi ya mwili kutumia nishati. Iliyo nyingi ni T4, yenye atomi nne za iodini. Mwili huigeuza kuwa T3, ambayo ndiyo hasa hufanya kazi ndani ya seli. Zikipungua, mtu huchoka, husikia baridi wenzake wakitoka jasho, hufunga choo, hunenepa, ngozi humkauka na hedhi huvurugika. Dalili huja polepole, na wengi huzidhania uzee au kazi nyingi. Ni damu inayotoa jibu.

Majibu ya maabara huwachanganya wagonjwa kwa sababu kipimo kikuu, TSH, hupanda pale dundumio inaposhindwa. TSH hutoka katika tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kuiamrisha dundumio ifanye kazi. Dundumio isipoitika, amri huzidishwa. Kwa mtu mzima, maabara nyingi huhesabu takriban 0.4 hadi 4.0 kuwa kawaida. TSH ya 25 pamoja na T4 iliyoshuka ni upungufu dhahiri. TSH ya 6 na T4 ya kawaida ni jambo jingine: mara nyingi hupimwa tena baada ya miezi michache, kwani huweza kurudi yenyewe. Na pituitari ikiugua, TSH huweza kuonekana nzuri ilhali T4 iko chini. Kwa hiyo namba moja isisomwe peke yake.

Chanzo kimoja kikubwa ni kinga ya mwili kuishambulia tezi, ugonjwa ulioelezwa na Hakaru Hashimoto wa Japani mwaka 1912. Kingine ni uhaba wa iodini. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, uhaba huo ulileta goita nyingi, na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha ikazidisha madhara, maana sumu yake huizuia tezi kuchukua iodini. Chumvi yenye iodini ndiyo kinga.

Tiba ni levothairoksini, kidonge cha kila siku kinachomezwa kwa maji kabla ya kula. Kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa T4 hubadilika taratibu katika damu. Mjamzito asiiache kamwe: miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea homoni za mama, na dozi kwa kawaida huhitaji kuongezwa. Vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki avimeze saa nne baadaye, la sivyo huizuia dawa kufyonzwa.