Stima ya Makapi: Ramisi Ilitangulia Sola

Wengi wetu tukisikia "nishati jadidifu" tunafikiria paneli za sola juu ya bati, au mapanka ya upepo kule Turkana. Mambo ya juzi juzi tu. Leo tuvuke feri ya Likoni, tupite Diani na Msambweni tukielekea Lunga Lunga, tushuke Ramisi. Pale pana kisa cha zamani zaidi.

Kabla ya injini, vyombo vya Vanga, Wasini na Shimoni vilisafiri kwa kusi na kaskazi, bila tone la mafuta. Kisha mwaka 1927 kiwanda cha sukari kikaanza Ramisi. Viwanda vya namna ile hujiendesha kwa makapi, yaani zile nyuzi zinazobaki muwa ukishakamuliwa. Makapi yanachomwa, maji yanachemka, mvuke unazungusha mitambo. Hewa ya kaboni inayotoka ndiyo ile ile ambayo miwa ya msimu ujao itaivuta tena inapokua.

Kwa wapenda hesabu: karibu asilimia 30 ya uzito wa muwa hubaki kama makapi, na nusu ya makapi hayo ni maji. Ndiyo maana unahitaji kama kilo tano za makapi kupata joto la kilo moja ya mafuta mazito. Si moto mkali sana, lakini upo pale pale kiwandani na haununuliwi.

Wakati huo Pwani ilikuwa inazidi kuzoea mafuta. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilifunguliwa mwaka 1963, na Kipevu kukajengwa mitambo ya stima inayochoma mafuta. Ramisi iliendelea na makapi yake hadi mwaka 1988, kiwanda kilipoanguka baada ya miaka 61.

Hapa ndipo nataka tusimame kidogo. Mwaka 1988 jua halikuzimika Kwale. Mto Ramisi haukuhama, na udongo ulikuwa ule ule. Kilichokufa ni kampuni, na pamoja nayo soko la mkulima wa miwa. Basi moto nao ukazimika, kwa sababu makapi hayaji bila miwa, na miwa haiji bila mtu wa kuilima na kulipwa.

Kampuni mpya, Kwale International Sugar Company, ilijenga kiwanda kingine katika eneo hilo, na kufikia mwaka 2015 kilikuwa kimeanza kusaga. Safari hii mpango ulikuwa mkubwa zaidi: mtambo wa makapi wa megawati 18, ili stima ya ziada iuzwe kwenye gridi ya taifa. Lakini katika miaka ile mashamba yalipolala, watu walikuwa wanaishi na kulima humo. Mradi ukazaa migogoro ya ardhi iliyofika mahakamani. Nishati safi haifuti swali la shamba ni la nani.

Gridi yenyewe imebadilika pia. Changamwe iliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Laini kubwa ya umeme kati ya Nairobi na Mombasa iliwashwa mwaka 2017, na sasa mvuke wa Olkaria na upepo wa Turkana unaweza kufika hadi Diani. Hata hivyo Kipevu III, ya megawati 120, bado ipo. Sisi waandishi wa programu tunaijua sheria hii: huzimi mfumo wa zamani mpaka mpya usimame wenyewe.

Kwa hiyo ukisikia mradi mpya wa sola au upepo unakuja kijijini kwenu, usiishie kuuliza ni megawati ngapi. Uliza ardhi ni ya nani, fundi atatoka wapi, na nani atalipwa kila mwezi ili aendelee kuutunza. Jua la kesho tunalo, hilo halina wasiwasi. Ramisi nayo ilikuwa nalo kwa miaka yote ambayo hakuna boila lililowashwa.