Hitilafu ya Vipindi, Ugonjwa Unaosingiziwa Shoti

Gari limeshinda juani tangu asubuhi, vioo vimefungwa. Saa saba mchana mwenyewe anapiga stata: injini inazunguka lakini haiwaki. Anafungua milango, anakaa kivulini na soda yake, anarudi baada ya nusu saa na gari linawaka kama vile halikuwahi kugoma. Akilifikisha gereji halionyeshi dalili hata moja, na fundi, ili asimwache mteja mikono mitupu, anatoa hukumu: "Hii ina shoti mahali."

Wenye Honda Accord na Civic za miaka ya 1990 wanaujua mkasa huo. Mara nyingi mkosaji ni rilei kuu iliyojificha chini ya dashibodi, ile inayopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta. Risasi iliyolehemu miguu yake, baada ya miaka mingi ya kupata moto na kupoa, huingia nyufa nyembamba. Joto likizidi, ufa huachana na umeme hukatika. Kukipoa, hugusana tena. Hapo hakuna shoti. Kuna kinyume chake.

Neno shoti Kiswahili kimelipa kazi nyingi. Mtu hupigwa shoti na pasi, nyumba huungua kwa shoti, na mhudumu wa kituo cha mafuta akifunga hesabu jioni fedha zikapungua, naye ana shoti. Kwenye waya za gari maana yake ni moja tu: umeme umepata njia ya mkato na kurudi kwenye betri bila kupitia taa au mota uliyokusudiwa kuiendesha. Mkondo huwa mkubwa kupita kiasi na fyuzi hukatika. Kwa hiyo swali la kwanza ni jepesi: fyuzi imekatika? Kama ni nzima, shoti huenda inasingiziwa. Ipo shoti ya kweli inayokuja na kuondoka, kwa mfano waya uliochubuka ukawa unagusa bodi kila gari likipita kwenye shimo, lakini hata hiyo huacha fyuzi iliyokufa kama ushahidi.

Cha kuchekesha, shoti ya mhudumu wa mafuta, yaani upungufu, ndiyo inayokaribia zaidi ugonjwa wa magari mengi ya zamani. Umeme unaondoka betri ukiwa kamili na kufika pungufu. Stata ya gari dogo yaweza kuvuta ampea 150. Kutu kwenye kichwa cha betri ikiongeza ukinzani wa omu 0.01 tu, volti 1.5 zinapotea pale pale, kabla stata haijaonja chochote.

Hitilafu ya namna hii iitweje basi? Wengine huandika "hitilafu ya mara kwa mara", na hapo wanapotosha, kwa sababu mara kwa mara ni kujirudia sana, ilhali gari hili laweza kukaa wiki tatu bila kusumbua. Matabibu walishafungua njia waliposema homa ya vipindi: inapanda, inashuka, mgonjwa anaamka mzima, kisha inarudi. Hitilafu ya vipindi inatosha kabisa. Na pale chanzo kinapokuwa kiungo kisichoshika sawasawa, mguso hafifu ni jina ambalo hata mwanagenzi wa gereji atalielewa bila kufafanuliwa.

Mguso hafifu hupenda kujificha kwenye ethi. (Ethi ya gari haina uhusiano na ardhi, gari limesimama juu ya mpira. Ni bodi ya chuma inayotumika kama waya wa kurudishia umeme kwenye betri.) Pwani, Tanga au Mombasa, hewa ya chumvi huzidisha kutu kwenye bolti zinazofunga waya za ethi kwenye bodi. Dalili ya ethi mbovu ni kituko: dereva anawasha indiketa na taa nyingine za nyuma zinapepesa nazo, kwani umeme uliokosa njia ya kurudi unapenya kwenye balbu ya jirani.

Mita nayo hudanganya ikitumiwa vibaya. Waya wa nyuzi ishirini uliobakiwa na uzi mmoja utaonyesha volti 12 safi iwapo hauna mzigo. Fundi makini huwasha kwanza taa inayosumbua, kisha huweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye kikombe cha balbu, upande wa ethi. Ethi nzima husoma chini ya volti 0.2. Ikisoma volti 2 au 3, amepata kinachotafutwa, na kilichobaki ni msasa na spana. Kama mita imetulia, atatikisa waya mmoja mmoja huku akiitazama, au ataipasha moto rilei inayoshukiwa ili ugonjwa ujitokeze mbele yake badala ya kumsubiri mwenye gari barabarani.

Basi ukipeleka gari lako gereji, usimwambie fundi lina shoti. Mwambie lina hitilafu ya vipindi, huanza likishinda juani, huisha likipoa, na fyuzi zote ni nzima.