Zipu ya Jinzi na Kazi Iliyomhamia Fundi

Suruali ya jinzi ilizaliwa mkononi mwa fundi wa kushona, na ilizaliwa haina zipu. Jacob Davis, mshonaji wa mji wa Reno katika jimbo la Nevada, aliyekuwa akinunua kitambaa kwa tajiri Levi Strauss wa San Francisco, aliona kwamba mifuko ya suruali za vibarua huchanika penye pembe, akaikaza kwa ribiti za shaba. Na tarehe 20 Mei 1873 serikali ya Marekani ikawapa wawili hao hataza ya ubunifu huo. Mbele, suruali ile ilifungwa kwa vifungo, na katika jambo hilo palikuwa na faraja ambayo aghalabu haitajwi: kifungo kikikatika, mwenye suruali, hata akiwa hajui kushona kitu kingine chochote duniani, hutia uzi katika sindano akakirudisha mahali pake, asimlipe mtu senti.

Zipu ilikuwa na nasaba yake mbali na hapo, nayo ni nasaba ya kushindwa kwa muda mrefu. Elias Howe, ambaye jina lake limeshikamana na cherehani, alipata hataza ya kifungio cha jinsi hiyo mwaka 1851, akakiacha kilale katika makaratasi. Whitcomb Judson wa Chicago alipata zake mwaka 1893, kwa ajili ya viatu. Lakini kulabu alizozibuni zilikuwa na tabia ya kuachana ghafla, na tabia hiyo, kwa chombo kilichokusudiwa kusitiri, ni aibu isiyosameheka. Wasimulizi wa mambo ya mavazi hunena kwamba vifungio vya zama zile vilishika kutu upesi, hata ikawalazimu watu kuvifumua kabla ya kufua nguo na kuvishona tena zikisha kukauka. Ikiwa ni kweli, basi kazi ya kubadilisha zipu ni kongwe kuliko zipu tuijuayo.

Aliyekiponya kifungio hicho ni mhandisi Gideon Sundback, mzaliwa wa Uswidi, ambaye baada ya kufiwa na mkewe mwaka 1911 alijizamisha katika kazi, na mwaka 1913 akaziacha kulabu kabisa, akaweka meno madogo yaliyo sawasawa, kila jino na kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili, yakikutanishwa na kichwa kinachopanda na kushuka. Hapa yafaa tutue, kwa kuwa uzuri na udhaifu wa zipu vimo humo humo. Jino halina nguvu peke yake, hushikwa na jirani zake. Na hayo yote hayawezi kukutana ila kwa kupita ndani ya kichwa kimoja, ambacho kila kivutwapo husagika kidogo, hata siku moja taya zake zikatanuka, meno yakapita bila kuumana, na mtu akabaki wazi mbele za watu ijapokuwa zipu yake haijapungukiwa na jino hata moja.

Mwaka 1923 kampuni ya Goodrich ilitia kifungio hicho katika viatu vyake vya mpira, na jina la zipu likaenea duniani. Jinzi haikukipokea kwa haraka. Kampuni ya Lee ilitangulia katika miaka ya 1920, bali Levi's, kampuni ya yule Strauss, iliyoupenda mno mtindo wake wa vifungo, ilingoja mpaka 1954 ndipo ikatoa jinzi yake ya 501 yenye zipu. Kusita huko hakukuwa ukaidi mtupu, kwa maana kitambaa cha jinzi kisichorudishwa kiwandani hurudi kikifuliwa, na zipu ya shaba hairudi.

Zipu iliposhinda, matengenezo yaliondoka nyumbani. Kuibadilisha hutaka kufumua ukanda wa kiunoni na mishono miwili iliyopinda mbele, kutia cherehani sindano nene ya namba 16, kupunguza zipu ndefu kwa kung'oa meno ya juu kwa koleo, kisha kuirudia ile mishono juu ya matundu yake ya zamani ili jicho lisitambue. Kwa hiyo mafundi wa barazani, tangu Kongowea hata Manzese, ambako jinzi za mitumba hufika zikiwa zimekwisha kuvaliwa na wengine, walirithi riziki ambayo Davis hakuwahi kuiwaza.

Nami namsihi msomaji, zipu ya jinzi yake ikimwasi, asikubali ifumuliwe yote kabla meno hayajahesabiwa. Yakiwa kamili, na utepe haukuchanika, amwombe fundi abadilishe kichwa tu, chenye namba sawa na ile iliyopigwa mgongoni mwa kile cha zamani. Wala asitosheke na kukibana kwa koleo, kwani dawa hiyo haidumu. Bali jino likiwa limeng'oka katikati, alipie zipu mpya, na aagize ya shaba.