Damu ya Mzee Juu ya Reli: Historia Fupi ya Njia ya Takarazuka

Walituita treni ya nyungunyungu. Watu wa Osaka waliipa njia yetu jina hilo katika siku zake za mwanzo, kwa sababu ilijipenyeza mashambani, kwenye udongo mtupu, na mwisho wake hakukuwa na mji wowote mkubwa. Haikwenda Kobe wala Kyoto. Ilianzia Umeda, ambayo wakati huo ilikuwa ukingoni mwa Osaka, ikaishia Takarazuka, mahali padogo penye chemchemi za maji moto kando ya mto Muko. Lilikuwapo pia tawi fupi la Minoo, kwenye maporomoko ya maji na miti ambayo majani yake hugeuka mekundu kabla ya kupukutika. Kati ya ncha hizo ulikuwapo mpunga, vijiji na mahekalu.

Mwaka 2025 njia hiyo ilitimiza miaka 115. Leo ina stesheni 19 katika kilomita 24.5, na asubuhi ya siku ya kazi hata pa kusimama hupatikana kwa kubanana. Sisi tulioitumikia, na sisi tuliokua tukisikia mlio wake usiku, tumeona tusiache umri huo upite kimya. Haya ni machache. Aliyesahauliwa atusamehe, kwani kumbukumbu ya mapenzi hukaa zaidi pale ilipopendea.

Mtu mwenye jina la siku yake

Historia yetu haisimuliki bila Kobayashi Ichizo. Alizaliwa Nirasaki, mkoani Yamanashi, tarehe 3 Januari 1873, na jina lake ndiyo siku yake: Ichizo huandikwa kwa herufi ya moja na herufi ya tatu, mwezi wa kwanza siku ya tatu. Mama yake alifariki mwaka uleule, na mtoto akalelewa mikononi mwa ndugu. Aliposoma Keio, jijini Tokyo, moyo wake ulikuwa kwenye riwaya kuliko hesabu. Hata hivyo mwaka 1893 aliingia Benki ya Mitsui, akaitumikia karibu miaka 14.

Mwaka 1907 aliacha kazi na kwenda Osaka kwa mwito wa Iwashita Kiyochika wa Benki ya Kitahama, ambaye alitaka kuanzisha kampuni ya hisa. Soko likaanguka, na kampuni hiyo haikuzaliwa. Kobayashi akawa na mke, watoto na mji mgeni, bila mshahara.

Wakati huohuo reli ya mvuke ya Hankaku ilikuwa imetaifishwa, na waliokuwa wenyewe walikuwa wakipanga kujenga njia ya umeme itakayoitwa Minoo Arima. Karibu nusu ya hisa zake hazikupata mnunuzi. Wengi walishauri mambo yavunjwe mapema, kila mtu abaki na kilichosalia. Kobayashi hakukubali. Alitembea kwa miguu kutoka Osaka hadi Ikeda, mara mbili, akifuata mstari ambao reli ingepita.

Mguu wake uliona ambacho wenye hisa hawakukiona. Nyuma yake Osaka ilikuwa ikikohoa moshi wa viwanda, na mbele yake ardhi ilikuwa safi, yenye hewa na maji, tena ya bei ya chini. Akawaza kwamba kampuni inunue ardhi kabla ya treni kufika, ijenge nyumba na kuwauzia watu wa mshahara. Wakishahamia, watahitaji treni kila siku ya maisha yao. Kama abiria hawapo, basi wapandwe kama mpunga. Kwa imani hiyo aliwaahidi waanzilishi kwamba kampuni ikishindwa, hasara ataibeba yeye.

Nyumba kwanza, abiria baadaye

Mwaka 1908, reli ikiwa bado haijalazwa, Kobayashi alichapisha kijitabu nakala 10,000 akakisambaza mjini. Kilieleza kwa maswali na majibu kwa nini treni hii ndiyo yenye matumaini kuliko zote. Mwaka uliofuata kilitoka kingine, kikiwauliza watu wa Osaka wachague ardhi ya namna gani na waishi katika nyumba ya namna gani. Hapo ule moyo wa riwaya ulipata kazi yake. Hata wimbo wa njia aliutungia maneno mwenyewe, ukaimbwa na watoto wa shule za kando ya reli.

Tarehe 10 Machi 1910 treni ya kwanza iliondoka Umeda. Yalikuwa mabehewa ya mbao, na rangi yake ndiyo hii ambayo Waswahili huiita damu ya mzee. Siku ile ilikuwa mpya. Leo abiria wetu hawawezi kuiwaza treni ya rangi nyingine.

Mwaka huohuo kampuni ilianza kuuza nyumba za mtaa wa Muromachi, karibu na stesheni ya Ikeda. Vilikuwa viwanja vipatavyo 200, vyenye barabara zilizonyooka na bustani, na mnunuzi aliruhusiwa kulipa kidogokidogo kwa miaka 10. Karani wa benki, mwalimu, mwandishi wa gazeti, mtu asiye na urithi wowote, akaweza kuwa na kwake. Njia nyingi za Japani zilifuata mfano huo baadaye, lakini mtaa wa kwanza wa namna hiyo ulikuwa wetu.

Njia yenyewe ina kona nyingi, na dereva yeyote wa zamani atakwambia. Zinatokana na nia ya kuyagusa mahekalu na vijiji vya kale: Nakayama, Kiyoshikojin, na Hattori ambako watu huomba afya ya miguu. Pale Hattori shina la mti mtakatifu limesimama katikati ya jukwaa, na paa limetobolewa ili lipite. Hatujawahi kuona hasara katika tundu hilo.

Jina la kampuni lilitaja Arima, ingawa reli haikufika huko. Milima ilikuwa migumu, na busara ilishauri tuishie Takarazuka. Bustani ya wanyama ya Minoo nayo ilifunguliwa mwaka 1910 na kufungwa mwaka 1916, kwa kuwa nguvu zilihitajika kwingine.

Bwawa lililozaa jukwaa

Tarehe 1 Mei 1911 kampuni ilifungua nyumba mpya ya maji moto Takarazuka, ili familia zipate sababu ya kupanda treni siku ya mapumziko. Mwaka uliofuata ikaongezwa nyumba ya kifahari yenye bwawa la kuogelea la ndani. Maji ya bwawa yalikuwa baridi mno, na wanaume na wanawake hawakuruhusiwa kuogelea pamoja. Watu wakachungulia, wakaenda zao.

Mwingine angelifukia. Kobayashi alifunika bwawa kwa mbao, akapanga viti juu yake, na chumba cha kubadilishia nguo akakigeuza jukwaa. Mwezi Julai 1913 wakakusanywa wasichana 16 wafundishwe kuimba. Tarehe 1 Aprili 1914 wakacheza mbele ya watu kwa mara ya kwanza, na moja ya michezo yao ilikuwa Donburako, kisa cha Momotaro, mtoto aliyetoka ndani ya tunda. Hapo ndipo ilipoanza Takarazuka, kundi la wanawake peke yao ambao huigiza hata nafasi za wanaume, na ambalo mashabiki wake huja leo kutoka pande zote za Japani.

Mtoto mmoja aliyekulia Takarazuka akitazama maonyesho hayo ni Tezuka Osamu, aliyezaliwa Toyonaka, mji wa njia yetu pia. Alipokuwa bingwa wa katuni, binti mfalme wake mwenye upanga alibeba sura ya jukwaa lile. Tunajivunia jambo hilo kama wazazi.

Toyonaka ina sifa nyingine. Katika uwanja uliojengwa na kampuni mwaka 1913, mwezi Agosti 1915 zilikutana timu 10 za shule kwa mashindano ya kwanza ya kitaifa ya besiboli ya vijana. Mashindano hayo yalihamia kwingine upesi, na leo Japani nzima huyajua kwa jina la Koshien. Jiwe la msingi, hata hivyo, liliwekwa kwetu.

Mwaka 1914 Benki ya Kitahama, iliyokuwa imetushika mkono, ilipata misukosuko. Ulikuwa wakati wa kufunga mkanda. Kobayashi alikopa na kununua hisa za kampuni ili zisitawanyike, na tangu hapo njia ilijitegemea. Mwaka 1918 kampuni ilichukua jina ambalo limefupishwa kuwa Hankyu. Tarehe 16 Julai 1920 ikafunguliwa njia ya Kobe, mdogo wetu mwenye mbio, ambaye tangazo lake lilisifu treni safi, ya haraka, yenye upepo na mandhari nzuri, tena yenye nafasi tele za kukaa. Nafasi hizo hazikudumu.

Wali mtupu

Tarehe 15 Aprili 1929, pale Umeda, lilifunguliwa duka kubwa la Hankyu juu ya stesheni: ghorofa nane juu, mbili chini ya ardhi. Lilikuwa duka kubwa la kwanza duniani kuanzishwa na kampuni ya reli katika stesheni yake. Ukumbi wake wa chakula ulipata sifa kwa wali wa kari, na familia zilipanga foleni kwenye ngazi.

Kisha ukaja mdororo wa uchumi, na vijana wengi hawakuwa na fedha ya kari. Wakaanza kuagiza sahani ya wali tu, ya sen 5, na kuumwagia sosi iliyokuwa bure mezani. Maduka mengine yaliwafukuza watu wa namna hiyo. Wafanyakazi wetu nao walinung'unika kwamba faida hakuna. Kobayashi aliagiza litundikwe tangazo la kuwakaribisha walaji wa wali mtupu, na achari iwekwe pembeni ya sahani zao. Aliwaeleza wafanyakazi kwamba hawa leo ni maskini, lakini kesho wataoa, watapata watoto, na watakumbuka ni wapi walipopewa heshima.

Katika mambo yote tuliyorithi, hili ndilo tunaloliweka juu. Mashamba ya Ikeda yalikuwa wali mtupu, na bwawa baridi lilikuwa wali mtupu. Njia hii imeishi kwa kumheshimu mtu na kitu kabla hakijawa na faida.

Rangi isiyobadilika

Kobayashi alifariki tarehe 25 Januari 1957. Nyumba yake ya Ikeda sasa ni makumbusho, na mkusanyo wake wa sanaa una jumba lake hapohapo. Alichotuachia ndani ya behewa ni namna ya kulitunza: rangi ya damu ya mzee inayong'aa hadi uso wako uonekane, kuta zenye sura ya mbao, na viti vya kijani cha zeituni vilivyofumwa kwa manyoya ya mbuzi wa Angora. Mabehewa ya zamani yalikuwa na vibao vya alumini dirishani, ambavyo abiria aliyechomwa na jua alivivuta kutoka chini kwenda juu.

Liliwahi kuzuka wazo la kubadilisha rangi. Wafanyakazi na abiria walisema hapana, na mazungumzo yakaishia hapo.

Miaka ya vita ilikuwa mizito. Mwaka 1943 tuliunganishwa na kampuni ya Keihan, na mwaka 1944 jumba la maonyesho la Takarazuka lilifungwa. Tuliivuka. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, saa 11:46, tetemeko la ardhi liliutikisa ukanda wetu wote. Stesheni ya Itami iliporomoka, na njia ya Kobe ilikatika. Mafundi walifanya kazi usiku na mchana, na tarehe 12 Juni njia hiyo ilifunguka yote tena. Kwa waliopotea siku ile, vichwa vyetu vimeinama.

Miaka ya karibuni kwa ufupi

1949: Keihan inatengana nasi, na njia ya Kyoto inabaki upande wetu.

1960: Linatoka toleo la treni la 2000, linalopewa Tuzo ya Laurel mwaka uliofuata.

1967: Mageti ya tiketi yanayojiendesha yanawekwa Kita-Senri, kwenye njia dada.

1969: Umeme wa njia yetu unapandishwa kutoka volti 600 hadi 1,500.

1973: Stesheni mpya ya Umeda inakamilika, reli 9 na majukwaa 10.

1989: Toleo la 8000.

1993: Jumba jipya la maonyesho la Takarazuka.

1997: Reli ya juu inaiunganisha stesheni yetu ya Hotarugaike na uwanja wa ndege wa Osaka.

2003: Bustani ya burudani ya Takarazuka inafungwa, kwa shukrani za vizazi.

2006: Toleo la 9000. Mwezi Oktoba, sisi na Hanshin, washindani wa siku nyingi, tunakuwa nyumba moja.

2010: Miaka 100.

2013: Toleo jipya la 1000.

2019: Umeda inaitwa Osaka-Umeda.

2025: Toleo jipya la 2000, kwa rangi ileile.

Shukrani

Tunawashukuru madereva na makondakta, mafundi wa karakana, na akina mama na akina baba wanaosugua mabehewa hadi yang'ae. Tunawashukuru waliolipia nyumba za Muromachi awamu baada ya awamu, na wale wasichana 16 waliokubali kuimba juu ya bwawa. Tunawashukuru zaidi vijana wa wali na sosi, ambao waliamini kwamba Umeda kuna mahali hawatadharauliwa. Wengi wao walirudi wakiwa na watoto mkononi, wakapanda treni ya damu ya mzee, wakashuka stesheni moja baada ya nyingine, kila mmoja kwake. Waliokuwa wakituita nyungunyungu walikuwa na haki yao. Tulipita kwenye udongo, na udongo huo umeota miji.