Zebaki Geita na Shinyanga: Tafiti za miaka 30 zimebaini nini?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA mialo ya kuchenjulia dhahabu mkoani Geita na wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, zebaki ni kitendea kazi kama ilivyo sululu.

Mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huosha unga wake na kuuchanganya na zebaki ili ikamate chembe za dhahabu. Baada ya hapo hukamua mchanganyiko huo kwa kitambaa na kuchoma donge lililobaki juu ya moto. Zebaki hugeuka mvuke na kupotea, dhahabu hubaki.

Kwa takriban miaka 30, wanasayansi wa ndani na nje ya nchi wamekuwa wakiuliza mvuke huo unaishia wapi, na unamfanya nini anayeuvuta. Majibu yao yamechapishwa zaidi katika majarida ya kitaalamu ya ng'ambo, kwa Kiingereza, ambako wakazi wachache wa Rwamagasa, Katoro au Kahama wanaweza kuyasoma.

Makala haya yanaeleza kwa ufupi kile ambacho tafiti hizo zimebaini.

Ukanda wa dhahabu

Dhahabu ya kusini mwa Ziwa Victoria iliripotiwa tangu enzi za utawala wa Wajerumani. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, ulipofungwa.

Uchimbaji mkubwa ulirejea Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, na kufuatiwa na Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Geita yenyewe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012.

Hata hivyo, migodi mikubwa hutumia sayanaidi ndani ya mitambo. Zebaki ni suala la wachimbaji wadogo, ambao idadi yao iliongezeka sana baada ya biashara ya madini kulegezwa masharti mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Hesabu ya kwanza

Miongoni mwa waliotangulia kupima ni Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye na Hirokatsu Akagi wa Japani walichapisha mwaka 1996 matokeo ya vipimo vya zebaki katika samaki na katika miili ya watu wa ukanda huo.

Mwaka 2000, Peter van Straaten wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alitoa hesabu ambayo bado inanukuliwa hadi leo. Kwa mujibu wa utafiti wake uliohusu Tanzania na Zimbabwe, kila gramu moja ya dhahabu iliyopatikana iliacha gramu 1.2 hadi 1.5 za zebaki katika mazingira.

Kati ya zebaki hiyo, asilimia 70 hadi 80 ilikwenda hewani wakati wa kuchoma. Iliyobaki iliingia katika marudio, udongo, tope la vijito na maji. Kwa ukanda wa Ziwa Victoria upande wa Tanzania, alikadiria kuwa takriban tani sita zilikuwa zikipotea kila mwaka.

Hesabu hiyo ilibainisha jambo la msingi: hatari ya kwanza kwa mchimbaji iko puani mwake, kabla ya kufika mtoni.

Samaki na sabuni

Hofu ya wengi ilikuwa samaki. Katika mji wa Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 ulitokana na watu kula samaki wenye zebaki iliyomwagwa na kiwanda.

Daktari Masazumi Harada, aliyejulikana kwa kuwatetea wagonjwa wa Minamata, alikuja Kanda ya Ziwa na wenzake. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalitokana na nywele za wachimbaji, wavuvi na familia zao, na wakazi wa Jiji la Mwanza.

Samaki waliopimwa walionekana kuwa na zebaki kidogo. Lakini baadhi ya watu walikutwa na viwango vya juu sana, wakiwamo wasiokanyaga mgodini. Uchunguzi uliwaelekeza watafiti kwenye sabuni za kung'arisha ngozi zilizokuwa na zebaki.

Funzo lake lilikuwa kwamba si kila zebaki iliyomo mwilini imetoka machimboni.

Rwamagasa yapimwa

Kati ya mwaka 2002 na 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) liliendesha mradi wa zebaki katika nchi sita: Brazil, Indonesia, Laos, Sudan, Tanzania na Zimbabwe. Kwa Tanzania, kijiji kilichochaguliwa kilikuwa Rwamagasa, Geita.

Wataalamu wa Uingereza walipima udongo, maji na samaki. Madaktari waliwapima watu damu, mkojo na nywele, kisha wakawalinganisha na wakazi wa Katoro, ambako zebaki haikuwa ikitumika kwa kiwango hicho.

Matokeo ya afya, yaliyochapishwa mwaka 2010 na kundi lililoongozwa na Stephan Bose-O'Reilly wa Ujerumani, yalionyesha kuwa takriban robo ya wachomaji wa zebaki walikuwa na sumu hiyo kwa kiwango cha ugonjwa sugu.

Dalili za ugonjwa huo ni pamoja na mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kusahau na kuyumba wakati wa kutembea. Ni dalili ambazo mgonjwa anaweza kuzidhania kuwa ni uchovu, malaria au kurogwa.

Zamu ya chuo cha jirani

Kwa muda mrefu tafiti hizo ziliongozwa kutoka mbali. Hali ilibadilika baada ya kuanzishwa kwa chuo cha afya katika Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, mwaka 2003. Kilianza kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na leo kinafahamika kama Chuo Kikuu cha Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi (CUHAS).

Mtafiti wa chuo hicho, Elias Nyanza, akishirikiana na wenzake wa hapo na wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, aliligeuza swali. Badala ya kumwangalia mchimbaji, alimwangalia mama mjamzito.

Utafiti wao wa mwaka 2014 uliwahoji wajawazito 340 waliohudhuria kliniki Geita. Karibu nusu yao walisema wanakula udongo, ukiwamo ule wa pemba unaouzwa madukani na sokoni. Sampuli za udongo huo zilipopimwa, zilikutwa na madini mbalimbali, yakiwamo yenye sumu kama aseniki.

Mwaka huohuo walichapisha vipimo vya maji, udongo na mihogo ya Rwamagasa, vilivyofuatilia zebaki na aseniki hadi kwenye chakula cha kila siku.

Aseniki haipelekwi machimboni na mtu. Imo ndani ya miamba yenye dhahabu, na hutoka mawe yanaposagwa.

Utafiti mkubwa zaidi ulianza mwaka 2015, ukawafuatilia wajawazito zaidi ya 1,000 wa Kanda ya Ziwa, wengi wao wakiishi jirani na machimbo na wengine mbali nayo. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2019, kiwango cha kati cha zebaki katika damu kilikuwa mikrogramu 1.2 kwa lita kwa wanaoishi jirani na machimbo, na 0.66 kwa wengine. Kwa aseniki katika mkojo, kilikuwa mikrogramu 9.4 dhidi ya 6.28.

Ripoti ya mwaka 2020 ilieleza yaliyofuata wakati wa kujifungua. Wanawake waliokuwa na viwango vya juu walikuwa katika hatari zaidi ya mimba kuharibika, kuzaa mtoto mfu au kuzaa kabla ya wakati. Watafiti waliendelea kuwafuatilia watoto katika mwaka wao wa kwanza ili kupima ukuaji wa akili na viungo.

Tafiti za namna hii huonyesha uhusiano kati ya sumu na madhara. Hazithibitishi kuwa kila mimba iliyoharibika ilitokana na zebaki. Pamoja na hayo, zimeonyesha kwamba mwanamke asiyeshika zebaki naye hayuko salama.

Mfano wa Shinyanga

Shinyanga inao mfano wa utafiti uliorudi kwa wananchi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), baada ya mkoa huo kupoteza sehemu kubwa ya miti yake.

Baada ya kuhimiza upandaji wa miti, wataalamu waligeukia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi. Maeneo ya ngitili yaliyokuwa takriban hekta 600 mwaka 1986 yalifikia mamia ya maelfu ya hekta mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta.

Mafanikio hayo yalitokana na kitu ambacho mfugaji alikijua tayari na alichokipatia faida: nyasi, kuni na dawa.

Sheria na njia mbadala

Kwa upande wa zebaki, Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Mkataba huo haukufuta zebaki kwa wachimbaji wadogo kwa mara moja. Unazitaka nchi kuipunguza na, inapowezekana, kuiondoa. Aidha, unataka kukomeshwa kwa vitendo vinne: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa, kuichoma mahali pa wazi, kuichoma katika makazi ya watu, na kutia sayanaidi katika marudio yenye zebaki.

Njia za kupunguza madhara zinajulikana. Ritoti, chombo cha chuma kilichofunikwa, hunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki inayoweza kutumika tena. Vituo vya mfano vya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO), vikiwamo vya Lwamgasa na Katente mkoani Geita, huchenjua dhahabu pasipo zebaki.

Lakini mchimbaji anayesubiri fedha ya chakula cha jioni huiona faida ya zebaki ndani ya saa moja, ilhali hasara yake huchukua miaka kujitokeza, pengine kwa mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Wanasayansi wamekwisha kulipima pengo hilo. Kilichosalia ni takwimu hizo kufika kliniki za wajawazito na kwenye mialo, kwa lugha inayosemwa huko.