Kutoka Sandarusi ya Mrima hadi Vanishi ya Dukani

Fundi anayepiga vanishi sakafu ya mninga leo hufungua kopo, akakoroga, akaanza kazi. Kilichomo koponi kimetoka kiwandani, aghalabu poliurethani. Karne moja na nusu iliyopita, vanishi iliyosifiwa kwa ugumu kuliko nyingine zote ilianzia katika mashimo ya pwani yetu ya Mrima.

Malighafi yake ilikuwa sandarusi: utomvu wa msandarusi uliodondoka zamani, ukafukiwa na mchanga, na kukaa humo hadi ukakauka kabisa. Ule uliotoka mtini karibuni uliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu ulikuwa laini. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857, aliandika kwa kirefu juu ya uchimbaji huo. Baadaye daktari Mskoti John Kirk, akiwa Unguja, aliwaeleza wataalamu wa mimea wa London kwamba sandarusi ya ardhini na ile ya mtini ni za mti wa aina moja. Sidhani kama wachimbaji wenyewe walikuwa na shaka juu ya hilo.

Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani wa mji wa Salem, jimbo la Massachusetts. Sayyid Said, mtawala wa Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akafungua ofisi ya ubalozi mdogo Unguja. Meli zilileta kitambaa cha merikani na kurudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Huko Salem, Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda kilichoisafisha kwa maji ya magadi. Udongo ukishatoka, juu ya kila bonge hubaki vipele vidogovidogo mfano wa ngozi ya bata aliyenyonyolewa, na mnunuzi aliyejua mali alivitafuta hivyo kabla ya kutaja bei. Kodi mpya ya forodha ya Marekani ya mwaka 1861 ilipunguza faida ya kusafishia kule, kazi hiyo ikahamia Unguja.

Kuipika sandarusi iwe vanishi kulitaka moyo. Sandarusi haiyeyuki katika mafuta hivi hivi. Iliwekwa kwenye chungu cha shaba juu ya moto hadi ipite nyuzi joto 300, ikatoa moshi mkali na kupoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Hapo ndipo mafuta ya kitani yaliyochemshwa yalipomiminwa, na mwisho tapentaini ya kuizimua. Mpishi akikosea kidogo, moto unadaka karakana nzima.

Tuseme kweli: vanishi ya sandarusi haikumwagwa ovyo sakafuni. Ilikuwa ghali, ikaishia kwenye magari ya farasi ya matajiri na samani bora. Sakafu za majiko mengi ya Marekani zilikuwa za mbao za msonobari zilizosuguliwa kwa mchanga na sabuni au kupakwa rangi tu. Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne ya 19, mashine zilipoanza kukata mbao za mwaloni na mepo zenye ulimi na mfereji, za bei ya kawaida. Sakafu hizo zilihitaji ngao, na iliyopatikana kwa bei nafuu ilitokana na kauri, utomvu mwingine wa kuchimbwa, kutoka New Zealand. Baadaye kopali ya Kongo, utomvu mwingine kama huo, nayo ilijaza soko.

Jikoni adui ni maji. Nta hupata madoa, shelaki ya India huweka weupe pale kikombe cha moto kilipokaa, na vanishi nyingi za zamani zilikuwa na aibu hiyohiyo. Ndiyo maana kampuni ya Valentine iliinadi vanishi yake ya Valspar, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuimwagia maji yanayochemka mbele ya wateja.

Kisha wakemia wakaondoa haja ya kuchimba. Mkemia Leo Baekeland alitengeneza utomvu wa maabara mwaka 1907, na Otto Bayer na wenzake wa Leverkusen, Ujerumani, wakafungua njia ya poliurethani mwaka 1937. Baada ya vita, vanishi zake zikaingia sakafuni, na soko la sandarusi likafifia.

Kwa sakafu ya jiko la leo, hukumu yangu ni poliurethani, hata kama moyo unavutwa na mafuta ya kitani ya zamani. Mafuta yana sifa moja kubwa: pakichubuka, unapaka pale pale tu. Poliurethani huvumilia maji na mchanga wa viatu zaidi, lakini ikichakaa huenda ukalazimika kupiga msasa sakafu nzima. Anza na msasa wa chembe kubwa, maliza na laini, ukifuata nyuzi za mbao. Ondoa vumbi lote. Piga tabaka tatu nyembamba badala ya moja nene, ukikwangua kidogo katikati, na usiharakishe muda wa kukauka ulioandikwa koponi.

Ukichagua mafuta ya kitani, matambara uliyofutia usiyarundike pembeni. Yanapokauka hutoa joto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke ndani ya maji kwenye chombo cha bati chenye kifuniko kabla ya kuyatupa.