Skrubu ya buluu ndani ya mfupa: titani hupataje rangi bila kupakwa?

Kwa wakazi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958 wilayani Isingiro, hospitali ya rufaa ni ile ya Mbarara, takriban kilomita 60 kwa barabara. Anayevunjika mguu akahitaji kuwekewa vyuma huweza kukutana na metali za aina mbili hasa: chuma kisichoshika kutu, chenye rangi ya fedha, na titani, ambayo huweza kuwa ya buluu, ya dhahabu, ya zambarau au ya kijani. Anayeonyeshwa skrubu ya buluu ana haki ya kuuliza: je, rangi hiyo haitabanduka na kuingia katika damu?

Hakuna kilichopakwa. Kiswahili hutumia neno moja kwa rangi ya kopo na rangi za upinde wa mvua, na pengine hapo ndipo wasiwasi unapoanzia.

Titani inapokutana na hewa hujifunika yenyewe kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Utando huo ndio unaoikinga isiliwe na majimaji ya mwili. Kiwandani huongezwa unene kwa umeme, kazi iitwayo anodaizesheni: kipande kilichosafishwa hutumbukizwa katika maji yenye kemikali na kuunganishwa na upande chanya wa umeme, nayo oksijeni iliyomo katika maji hushikamana na titani. Volti huamua unene, na unene huamua rangi. Karibu na volti 30 huwa buluu, karibu na 60 dhahabu, karibu na 100 kijani. Utando wenyewe hauna rangi. Ni kama petroli iliyomwagika juu ya dimbwi penye kituo cha bodaboda: mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, na jicho likaona buluu.

Kwa daktari, rangi humsaidia kutochanganya ukubwa wa skrubu. Hata hivyo kila kiwanda kina mpangilio wake, na rangi si cheti cha ubora. Ikikwaruzwa huweza kufifia, lakini titani iliyo chini hujifunika upya papo hapo.

La kuulizia zaidi ni karatasi. Vyuma vikihitaji kutolewa baada ya miaka, kila kichwa cha skrubu hudai bisibisi yake. Skrubu za titani zinazojifunga ndani ya sahani hujulikana kwa kung'ang'ania, na kichwa kikiharibiwa na bisibisi isiyolingana, daktari huenda akalazimika kuitoboa. Picha ya eksirei haionyeshi rangi. Kwa familia ambazo leo ziko Nakivale na kesho huenda zikahamishiwa nchi nyingine, taarifa ya upasuaji yenye aina ya metali, ukubwa wa skrubu na jina la kiwanda yafaa ikae pamoja na kadi ya ukimbizi. Iombwe kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka wodini. Kuifuata baadaye ni nauli nyingine ya kwenda Mbarara na kurudi.